Mtungi Ni Mmoja: Mbio Zetu na Uchovu wa Kazi

Kama uko nyumbani, vuta kiti usogee. Kama ungali kwenye foleni unatoka kazini, pole sana, na nafurahi kwamba redio yako iko wazi, maana ya leo yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Leo tuzungumze juu ya mbio. Sizungumzii mbio za mabingwa, ingawa mabingwa nitawataja baadaye kwa sababu wana jambo la kutufundisha. Nazungumzia mbio zetu sisi: mwalimu, karani wa benki, muuguzi, mhandisi, mwenye duka Kariakoo. Sisi ambao hakuna anayetulipa kukimbia, ila tunaamka alfajiri na kufunga kamba za viatu kwa kupenda. Na nazungumzia yanayotokea pale mbio hizo zinapokutana na kazi iliyotuelemea.

Ukitaka kuona jambo hili limekua kiasi gani, pita Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, Jumamosi alfajiri. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 2022 ili kupunguza msongamano wa magari yanayoingia na kutoka mjini, lakini watu wa mazoezi nao wamelifanya lao. Hakujapambazuka bado, na tayari vikundi vimejipanga, fulana zinafanana, mmoja anaongoza nyimbo za mchakamchaka na wengine wanaitikia. Wakimaliza, supu na chapati, picha, vicheko, kila mtu anakwenda kwake.

Na mbio zenyewe siku hizi ni nyingi. Kilimanjaro Marathon pale Moshi ilianza 2003. Mwanza wana Rock City. Dodoma kuna mbio, Zanzibar kuna mbio, Arusha kuna mbio. Benki zina mbio zao, na baadhi zinachangisha fedha za kuwatibu watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtu anakimbia, anafurahi, na mtoto asiyemjua anapata matibabu.

Mimi nalipenda jambo hili kwa moyo wangu wote. Kwa hiyo asije mtu kesho akasema redioni wamesema mbio ni mbaya. Hapana. Mbio ni njema. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na kukimbia taratibu ni njia mojawapo nzuri na isiyo na gharama kubwa. Mbio zinasaidia moyo, zinasaidia usingizi, zinatuliza mawazo. Hilo halina ubishi.

Lakini nikuulize, msikilizaji. Yule uliyemwona darajani saa kumi na moja alfajiri, jana alilala saa ngapi? Kama alifunga kompyuta saa saba usiku kwa sababu ripoti ilitakiwa mezani kwa bosi, halafu kengele ya simu ikamwamsha saa kumi, je, ile asubuhi anajenga mwili au anaubomoa?

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Na jibu langu nalitoa mapema, nitalirudia mara kadhaa kabla hatujaagana: mwili hauna akiba mbili, moja ya kazini na nyingine ya michezo. Mtungi wa maji ni mmoja. Kazi inachota humo humo, mbio zinachota humo humo, foleni, madeni, mtoto mgonjwa, vyote vinachota humo humo. Wanaokimbia wakasahau hilo ndio tunaowaona wanaanza mwaka na moto mkali, na kufika katikati ya mwaka viatu vimetupwa chini ya kitanda.

Tuchukue mfano mmoja tuukalie vizuri. Chukua mhasibu wa kampuni binafsi ambaye ameamua kwamba mwaka huu lazima akimbie nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21. Nia nzuri. Mbio zile hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au hapo karibu. Sasa hesabu kurudi nyuma. Kujiandaa kwa kilomita 21 kunataka kama miezi mitatu ya mazoezi yanayopanda taratibu. Kwa hiyo anatakiwa aanze Novemba mwishoni, akaze Desemba, afike kileleni Januari.

Je, Desemba na Januari mhasibu anafanya nini? Wewe unayefanya kazi hiyo unanielewa. Hesabu za mwaka zinafungwa. Wakaguzi wanaingia. Simu za bosi hazina saa. Na wakati huo huo Januari ni mwezi wa ada za shule, sare, madaftari, na mshahara wa Desemba ulishakwisha kwenye sikukuu. Yaani miezi ambayo mazoezi yanamtaka atoe zaidi, ndiyo miezi ambayo kazi na nyumba vinamchota mpaka chini.

Haoni hilo. Programu ya mazoezi kwenye simu inamwambia Jumanne ni siku ya kasi, naye Jumanne anakwenda kwenye kasi, na usingizi wa saa nne kichwani. Miguu mizito. Mbio alizozimaliza kwa urahisi mwezi uliopita leo zinamshinda. Anafikia uamuzi gani? Anajiambia, "Nimekuwa mvivu." Alhamisi anaongeza kilomita. Jumamosi kikundi kinakwenda kilomita 18, hawezi kubaki, watasema nini kwenye kundi la WhatsApp? Wiki ya tatu ameshikwa na mafua yasiyoisha. Goti linamuuma. Usiku anageuka geuka kitandani, mwili umechoka lakini usingizi hauji. Asubuhi anawakaripia watoto kwa kikombe kilichomwagika.

Siku ya mbio inafika. Njia ya Moshi ina mlima wa kupanda kuelekea Mweka, na mlima ule haudanganyiki. Anautembea. Anamaliza, anavalishwa medali, anapiga picha kwa sababu wenzake wanapiga, kisha anarudi Dar es Salaam na hakimbii tena mpaka mwaka unaisha. Na kazini napo amechoka vilevile.

Je, humjui mtu huyu? Nina hakika unamjua. Pengine anakusikiliza sasa hivi na wewe umekaa naye kiti kimoja.

Naona tatizo la huyu ndugu halikuwa uvivu, na wala halikuwa kupenda mbio kupita kiasi. Alipanga mbio bila kuangalia kalenda ya kazi, akadhani ni maisha mawili yasiyojuana.

Sasa tuingie kidogo ndani ya mwili, maana wapo wanaosema, "Lakini mimi kazini nimekaa kwenye kiti siku nzima, miguu imepumzika, nimechokaje?" Swali zuri sana. Tulijibu.

Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, akifanya kazi Canada, aliandika kwamba mwili unapokabiliwa na madhila ya namna mbalimbali, baridi, sumu, majeraha, kazi nzito, hujibu kwa namna moja inayofanana. Elimu imesonga mbele sana tangu hapo, lakini jambo la msingi limebaki: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni za kukuweka tayari, moyo unakwenda kasi, sukari inapanda kwenye damu. Zinafanya hivyo ukikimbia mlima. Zinafanya hivyo pia bosi akikuita ofisini kwake na mlango ukafungwa. Mwili hauulizi, "Hii ni ya mazoezi au ni ya kikao?" Unajibu tu.

Kuna utafiti mmoja nataka nikusimulie kwa sababu unaeleza hali yetu vizuri. Ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, ukachapishwa 2009. Watu 16 walikalishwa kwa dakika 90 mbele ya kompyuta, wakifanya kazi ndogo ya kuchosha akili, kazi inayotaka uangalifu usiokatika. Siku nyingine watu hao hao walikaa muda ule ule wakitazama filamu tulivu za maisha halisi. Kila mara, baada ya hapo, walipandishwa kwenye baiskeli ya mazoezi wakaambiwa wapige pedali mpaka washindwe. Nini kilitokea? Siku waliyochoshwa akili walishindwa mapema, kama dakika mbili kabla ya siku ile nyingine, katika zoezi ambalo siku ya filamu lilichukua kama dakika kumi na mbili na nusu. Na hapa sikiliza vizuri: mioyo yao haikuwa dhaifu. Misuli haikuonyesha tofauti. Kilichobadilika ni kwamba kazi ile ile waliihisi kuwa nzito zaidi.

Dakika 90 tu za kompyuta, msikilizaji. Wewe unakaa mbele yake saa ngapi?

Utafiti mwingine ulifanyika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, ukachapishwa 2012. Wanafunzi walifanya zoezi zito la miguu mpaka wakaishiwa. Waliokuwa na msongo mdogo wa mawazo maishani walirudisha nguvu zao haraka baada ya saa moja kuliko waliokuwa na msongo mkubwa. Kwa hiyo msongo unatugusa mara mbili: wakati wa kukimbia, kila kilomita inakuwa nzito, na baada ya kukimbia, mwili unachelewa kujijenga. Narudia hapo kwa sababu ndipo penye mzizi wa mazungumzo yetu. Kukimbia kunauvunja mwili kidogo, na kupumzika ndiko kunakoujenga ukawa imara kuliko ulivyokuwa. Ukitoa mapumziko, kinachobaki ni kuvunja tu. Mtungi unachotwa, haujazwi.

Tusogee mbele. Kuna uchovu wa kawaida, ule wa wiki ngumu, ambao ukilala Jumamosi na Jumapili unaondoka. Na kuna uchovu mwingine wa kazi uliopitiliza, ambao mtu analala na kuamka nao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha yake ya magonjwa na hali zinazohusu afya, likasema wazi kwamba si ugonjwa bali ni hali inayotokana na kazi, pale msongo wa kazini unapodumu bila kushughulikiwa. Likataja dalili tatu. Zishike, maana hazina ugumu.

Ya kwanza, kuishiwa nguvu: umechoka kabla hujaanza. Ya pili, moyo kujitenga na kazi: uliyoipenda unaiona kero, mteja unamwona adui, mgonjwa anakuwa namba ya kitanda. Ya tatu, kuhisi kwamba huwezi tena: unafanya lakini huoni unachofanikisha. Nguvu, moyo, na imani ya kwamba unaweza. Vikiondoka vyote vitatu, ndugu yangu, hapo huhitaji viatu vipya vya mbio.

Hapa nataka niseme jambo ambalo wengi wetu tunaokimbia hatupendi kulisikia. Mbio haziponyi kazi mbaya. Zinaweza kukupa nguvu ya kuivumilia kwa muda, zinaweza kukusafisha kichwa ukapata ujasiri wa kumwambia bosi, "Hapana, hili siliwezi kwa siku mbili." Lakini kama ofisi ina kazi ya watu watano na mmeajiriwa wawili, hata ukikimbia mpaka Bagamoyo ukarudi, Jumatatu utawakuta ni wale wale wawili. Na wapo watu, nawaonea huruma sana, ambao wamefanya mbio kuwa mahali pa kujificha. Kazini hawasikilizwi, nyumbani pana maneno, basi kilomita zinaongezeka kila wiki kwa sababu barabarani ndiko pekee wanakohisi wanamiliki kitu. Nafuu ile ni ya kweli, siibezi. Ila nayo inachota mtungi ule ule. Mbio za sakafuni, wahenga walishasema zinaishia wapi.

Nilisema mabingwa nitawataja. Tuwataje sasa.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mwanajeshi wetu, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Nchi nzima tulisimama. Sasa jiulize: kabla ya Tokyo, marathoni yake kubwa ilikuwa lini? Ilikuwa Boston, Aprili, alikoshika nafasi ya pili. Kati ya Aprili na Septemba hapo kuna karibu miezi mitano.

Mtazame na Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia kilomita 42 chini ya saa mbili pale Vienna mwaka 2019. Kwa miaka mingi alikimbia marathoni kama mbili kwa mwaka. Na kambini kwake Kaptagat, siku za kazi ngumu kwa wiki zilikuwa tatu: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kupandisha na kushusha kasi. Siku nyingine zote walikimbia taratibu, na asubuhi nyingine walianza polepole kiasi kwamba wewe na mimi tungeweza kuwafuata kwa dakika chache. Mchana, walilala.

Watu hawa kazi yao ni kukimbia. Hawana ripoti ya saa saba usiku. Hawasimami kwenye daladala kutoka Mbagala. Wanakula, wanalala, wanakimbia, na bado wanaogopa kushindana kila mara. Sisi, wenye kazi ya kutwa na majukumu ya nyumbani, tumejiandikisha mbio Jumapili hii, na Jumapili ile nyingine, na tarehe moja mwezi ujao kwa sababu medali yake ni nzuri. Nani ametuambia tuna mwili imara kuliko wa Simbu?

Sasa, tufanye nini? Sina dawa ya kila mtu, lakini nina utaratibu ninaouamini.

Kwanza kabisa, mwaka unapoanza, chukua kalenda uandike kazi kabla hujaandika mbio. Kama uko serikalini, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, unajua Mei na Juni zinakuwaje. Kama ni mwalimu, unajua miezi ya mitihani na kusahihisha. Kama ni wa mahesabu, tumeshasema habari za Desemba na Januari. Muuguzi anajua wiki zake za zamu ya usiku. Piga mstari mwekundu kwenye miezi hiyo. Mbio ya kushindana, ile unayotaka kupima muda wako, iweke mbali na mstari mwekundu, na miezi ya kuiandalia nayo isiangukie humo. Utakuta zimebaki nafasi mbili kwa mwaka, pengine moja. Hiyo moja inatosha, na utaikimbia vizuri.

Je, mwezi wenye mstari mwekundu usikimbie kabisa? Hapana! Na hapa ndipo wengi tunapokosea kwa upande wa pili. Mtu kazi ikimzidi anaacha kila kitu, anasema nitarudi mambo yakitulia, na mambo hayatulii. Kazi ikizidi, punguza kwa mpangilio. Cha kwanza kuondoka ni kasi. Cha pili ni umbali. Cha mwisho kabisa, tena ikibidi sana, ni zile siku zenyewe za kutoka nje. Dakika ishirini za kukimbia taratibu jioni, bila saa ya mkononi, bila programu ya simu inayokwambia umezidiwa na fulani, hazichoti sana, na kichwa kinapata hewa. Kasi ikiondoka kwa wiki tatu, utairudisha. Mazoea yakiondoka kwa mwaka, kuyarudisha ni kazi nyingine.

Taratibu ni taratibu gani? Wazee wetu wa mchakamchaka walishatupa kipimo, na wala hakihitaji umeme. Mchakamchaka unaimbwa. Kama unaweza kukimbia huku unaitikia wimbo, au unazungumza na mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi, hiyo ndiyo kasi ya siku ya uchovu. Ukishindwa kuimba, punguza. Shuleni na kwenye makambi ya JKT watu walikimbia hivyo wakaimarika, na hakuna aliyejua mapigo yake ya moyo ni mangapi.

Ingawa mapigo ya moyo nayo yana faida yake. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu kwa dakika moja. Fanya hivyo kwa siku kadhaa za utulivu uijue namba yako. Siku utakayoikuta imepanda sana kuliko kawaida, na usingizi ulikuwa mbaya, na huna hamu ya kula, mwili umeshakwambia. Siku hiyo tembea. Na ukiona maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia unapokimbia, hayo si ya kuhesabu kitandani, nenda hospitali.

Usingizi, usingizi, usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Kama umelala kwa saa nne tu, ile saa nzima ya alfajiri unayoitaka kwa mbio, mwili unaitaka zaidi kwa kulala. Akina mama wengi wanaonisikiliza wanaamka kabla ya wote, chai, watoto, sare, ndipo waanze safari ya kazini. Ukimwambia mama huyo aamke saa kumi usiku akakimbie, umemwongezea mzigo. Baba uliye hapo nyumbani, asubuhi mbili kwa wiki watayarishe watoto wewe. Hiyo ndiyo njia ya kumpa mkeo nafasi ya kukimbia, na ni bora kuliko kumnunulia viatu.

Sasa nizungumze na wakubwa wa kazi. Nimefurahi kuona kampuni zinawalipia wafanyakazi ada za mbio na kuwachapishia fulana. Ni jambo zuri. Lakini ndugu mkurugenzi, fulana yenye nembo ya kampuni haimpumzishi mtu uliyemtumia ujumbe wa kazi saa tano usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku. Inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Inatoa likizo ya mwaka ya siku 28. Ni kweli mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika vifungu vya saa za kazi. Lakini wengi wetu tumo. Kabla hujaandaa siku ya mbio ya kampuni, angalia kwanza: ni wangapi ofisini kwako wamemaliza likizo yao ya mwaka jana? Anzia hapo.

Na wewe mfanyakazi, ile likizo ichukue. Usiiuze yote. Mapumziko ya mwili hayalimbikizwi kama fedha benki.

Neno moja kwa viongozi wa vikundi vya mbio. Nyinyi mna nguvu kuliko madaktari, maana mkisema watu wanafuata. Acheni kumcheka anayechelewa. Msimwite mtoro aliyekosa Jumamosi mbili. Mpigieni simu, mumuulize kazi inakwendaje. Kila kundi liwe na mtu wa kukimbia nyuma na wale wa taratibu, na mtu huyo awe mkongwe anayeheshimika, ili kukimbia nyuma kusionekane aibu. Mkifanya hivyo, aliyeelemewa atakuja kwenu badala ya kujifungia ndani. Na kama mmoja wenu anasema maneno ya kukata tamaa ya maisha, msimpeleke kwenye kilomita 21. Mpelekeni kwa daktari, na nendeni naye mkono kwa mkono.

Muda wetu unakwisha, msikilizaji, na nimekuahidi kurudia, basi narudia: mtungi ni mmoja. Wiki ambayo kazi imechota sana, mbio zichote kidogo. Wiki ambayo kazi imepoa, nenda, kimbia, panda mlima, jipime.

Na wewe ambaye umeshalipia mbio za Jumapili hii, huku wiki nzima umelala kwa saa nne nne tu na kichwa kinagonga, pesa haijapotea. Nenda kachukue fulana yako. Omba uhamishiwe kilomita tano kama waandaaji wanaruhusu, na kama hawaruhusu, kaa pembeni uwashangilie wenzako. Watembeze watoto kidogo, rudini nyumbani mle, kisha funga mlango wa chumba, zima simu, ulale mpaka mwili uamke wenyewe. Jumatatu zungumza na bosi wako juu ya kazi iliyokufikisha hapo.